Kisiwa cha Ndege na Daftari Lake

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetutaka tuseme habari itakayowafaa watu wa kalamu, isiyokuwa habari ya mishahara wala ya likizo, kwa kuwa hizo zimekwisha semwa sana katika baraza hii. Nasi tumechagua habari ya kisiwa kidogo cha Bahari ya Hindi kiitwacho Cousin, katika nchi ya Shelisheli, ambako ndege wa baharini huzaa kwa amani. Labda mtu atauliza, Karani ana nini na kisiwa cha ndege? Twaomba subira yenu. Twataraji ya kuwa tukifika mwisho mtaona kwamba kisiwa hicho kimeokolewa kwa kazi iliyo ndugu na kazi yetu, yaani kuhesabu, kuandika, kulinda mlango, na kungoja.

Jina la Shelisheli si geni kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Wazee wa Bunyoro na Buganda walilijua kwa uchungu, maana ndiko walikopelekwa wafalme wao, Kabalega na Mwanga, baada ya kukamatwa mwaka wa 1899. Mwanga alifia huko mwaka wa 1903. Kabalega alipewa ruhusa ya kurudi mwaka wa 1923, akafa njiani, katika mji wa Jinja, kabla ya kuiona tena nchi yake. Tena wako wengine waliofika huko, ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu. Tangu mwaka wa 1861 manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu ziliteremsha huko watu waliookolewa, na jumla yao ilipita elfu mbili. Kwa hiyo damu ya pwani yetu na ya bara yetu imo katika watu wa Shelisheli, nasi tukivitaja visiwa vyao twawataja jamaa waliovuka maji.

Cousin ni kisiwa kidogo sana. Eneo lake ni hekta 27 hivi, ndizo ekari zipatazo 67, na wako watu wa pwani wenye mashamba ya minazi yaliyo makubwa kupita hayo. Kipo karibu na kisiwa kikubwa cha Praslin, mwendo wa kilometa mbili hivi kwa chombo. Upande mmoja pana kilima cha mawe magumu kisichofika mita 70 kwenda juu, na sehemu iliyobaki ni tambarare ya mchanga yenye miti. Mtu apitaye mbali kwa meli asingekitazama mara mbili.

Mwanzoni mwa karne ya 20 miti ya asili ya kisiwa hicho ilifyekwa, ikapandwa minazi, na mbata zikauzwa. Hatusemi hayo kwa kuwalaumu waliofanya hivyo, maana walitafuta riziki kama watu wote watafutavyo, na minazi ilikuwa mali ya Shelisheli kama ilivyokuwa mali ya Unguja na Mombasa. Lakini kila kitu kina bei yake, na bei ya minazi ililipwa na viumbe waliokuwa wakikaa katika msitu ule.

Mmoja wao ni ndege mwimbaji mdogo, mwenye rangi iliyofifia, alaye wadudu anaowaokota chini ya majani. Ndege huyu hapatikani katika nchi nyingine yo yote ila Shelisheli. Katika visiwa vingine misitu ilikatwa, paka na panya wakaingia, naye akatoweka. Akabaki Cousin peke yake, na walipohesabiwa katika miaka ile ya 1960 hawakufika 30. Fikirini, ndugu zetu, taifa zima la kiumbe, lisilo na mfano wake duniani, idadi yake ikiwa haizidi makarani wa idara moja. Ungewaka moto mmoja tu, au jike mmoja wa panya mwenye mimba angetoka katika ngalawa usiku, basi daftari la ndege yule lingefungwa milele.

Mwaka wa 1968 kisiwa kikanunuliwa. Mnunuzi alikuwa Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege, lililoanzishwa mwaka wa 1922, na ambalo tangu mwaka wa 1993 laitwa BirdLife International. Mwaka wa 1975 Serikali ya Shelisheli ikakitangaza kisiwa kuwa hifadhi maalum kwa sheria. Na tangu mwaka wa 1998 chama cha wananchi wenyewe, kiitwacho Nature Seychelles, ndicho kikitunzacho. Mambo haya matatu yafaa kutazamwa kwa utaratibu wake. Fedha ilitoka ng'ambo, sheria ilitoka serikalini, lakini ulinzi wa kila siku umo mikononi mwa watu wa nchi, nao wasipoamka asubuhi, ile fedha na ile sheria hazifai kitu.

Sasa walifanya nini baada ya kununua? Msidhani walileta mitambo mikubwa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuizuia minazi isiendelee kujipanda yenyewe, na kuiachia nafasi miti ya asili. Miti ile ikarudi. Mkubwa wao ni ule ambao watu wa Shelisheli huuita mapou kwa lugha yao ya Kikreoli, mti mnene wenye majani mapana. Minazi ilipopungua, majani yakazidi. Majani yalipozidi, wadudu wakazidi. Na wadudu walipozidi, yule ndege mdogo akapata chakula cha watoto wake. Hata kufika miaka ya 1980 walikuwa wamepita 300, na kisiwa kikawa kimejaa.

Hapo ndipo kazi ya daftari ilipoonekana faida yake. Walinzi na wataalamu walikuwa wamewavika ndege wale pete ndogo za rangi miguuni, kila mmoja na mpango wake wa rangi, hata ndege akajulikana kama mtumishi ajulikanavyo kwa faili lake: amezaliwa wapi, wazazi wake ni nani, anakaa katika sehemu gani ya msitu, na ana watoto wangapi. Kwa hesabu hiyo waliona ya kuwa vijana wengi hawakutoka nyumbani kwenda kuoa au kuolewa, bali walikaa na wazazi wao na kuwasaidia kuwalisha wadogo wao, maana mahali pa kujenga hapakuwapo tena. Basi mwaka wa 1988 ndege 29 wakachukuliwa wakapelekwa kisiwa cha Aride. Mwaka wa 1990 wengine 29 wakapelekwa kisiwa cha jirani kiitwacho Cousine, ambacho jina lake lakaribia kufanana na Cousin, lakini ni kisiwa kingine. Mwaka wa 2004 wakapelekwa 58 katika kisiwa cha Denis, na mwaka wa 2011 wakapelekwa 59 katika kisiwa cha Frégate. Leo jumla yao katika visiwa vyote vitano yapita 2,000. Hawakuhamishwa kwa kubahatisha. Walihamishwa kwa sababu palikuwa na mtu aliyeketi chini ya miti kwa miaka mingi akiandika.

Tuje sasa kwa ndege wa baharini, ambao ndio watu wengi wa mji ule. Aina saba huzaa Cousin, na jumla yao wakati wa kuzaa yapita laki moja. Wako wale wa jamii ya shakwe, weusi-weusi wenye utosi mweupe, ambao hujenga vioto vyao vya majani katika matawi ya mapou wakati wa kusi, hata mti mmoja ukawa kama mtaa wenye vyumba vingi. Yuko shakwe mweupe kama pamba, ambaye hajengi kioto kabisa, bali hutaga yai lake juu ya tawi tupu, penye kishimo kidogo au kikonyo, na mtoto akitoka hushika tawi kwa makucha yake asianguke. Yuko ndege mweupe mwenye manyoya mawili marefu mkiani, mrukaji hodari sana angani, lakini nchi kavu hawezi kutembea vizuri. Naye hutaga chini, penye mashina ya miti, na mtu akimkaribia hakimbii. Tena wako wale wakaao katika mashimo ya ardhi na nyufa za mawe, ambao mchana huwa mbali baharini, na usiku hurudi wakilia sauti kama ya watoto wachanga.

Hata maisha yao hayana raha tupu. Mbegu za mapou zina gundi kali, na ndege mdogo akinaswa na mbegu nyingi mabawa humshinda, akaanguka, akafa chini ya mti ule ule uliompa nyumba. Na mwili wake hurutubisha udongo wa mti huo. Samaki wanaodondoka midomoni mwa ndege, na mayai yanayovunjika, huliwa na mijusi, na mijusi wa Cousin ni wengi ajabu. Kinyesi cha ndege huwa samadi ya msitu. Ndege huvua mbali katika bahari kuu, huleta nchi kavu mali ambayo kisiwa chenyewe kisingeweza kuipata, na kila kiumbe kilichopo hula katika mali hiyo.

Tuwatazame sasa ndege hawa kama mtunza hazina atazamavyo fedha. Kuku wa nyumbani hutaga mayai kumi na zaidi, na mwewe akichukua vifaranga watatu, hasara yaweza kulipwa kabla ya mwaka kwisha. Walakini aina zote saba za Cousin hutaga yai moja tu kwa kila uzazi. Tegemeo lao ni maisha marefu, maana wengi wao wakisalimika huishi miaka mingi, wengine ishirini na zaidi. Basi ndege mzima ndiye rasilimali, na yai moja ndilo faida. Mtu akila yai amekula faida ya mwaka. Akimla mama, amekula rasilimali. Na akiingia panya, alaye mayai na makinda usiku na mchana, asiyekwenda likizo, hazina yote huliwa, na wengi hawatambui mpaka sanduku liwe tupu. Wazee walisema, Chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Neno hili la panya si dogo. Mwaka wa 2018 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya katika visiwa 12 vya Chagos, vilivyo katikati ya Bahari ya Hindi. Visiwa 6 vilikuwa na panya walioletwa na vyombo vya zamani, na 6 havikuwa nao. Waliona kwamba wingi wa ndege wa baharini katika visiwa visivyo na panya ulikuwa mara 760 kuliko katika vile vyenye panya. Wakashuka chini ya maji, wakaona kwamba hata samaki wa miamba ya matumbawe kandokando ya visiwa visivyo na panya walizidi kwa uzito, kadiri ya 48 katika mia. Sababu yake ni ile samadi, ambayo mvua huikokota kutoka nchi kavu mpaka baharini, ikalisha majani ya baharini, na majani yakalisha samaki. Mvuvi akiambiwa kwamba panya aliye juu ya kisiwa hupunguza samaki walio chini ya maji, atadhani anafanyiwa mzaha. Lakini hesabu ndiyo hiyo.

Cousin hakijapata kuingiwa na panya. Tena hakikusalimika kwa bahati tu, bali kwa amri moja nyepesi inayofuatwa bila upendeleo. Hapana chombo cha mgeni kinachoruhusiwa kupanda pwani yake. Mgeni ajaye, awe tajiri au maskini, husimamisha chombo chake baharini, na walinzi huja na mashua ya kisiwa wakamchukua. Hukaa kwa saa chache, huongozwa, hulipa ada, hurudishwa. Ada hiyo ndiyo isaidiayo mishahara ya walinzi na kazi za hifadhi. Sisi tulio wenyeji wa kaunta za serikali twajua jinsi amri nyepesi ilivyo ngumu kuifuata. Kila siku huja mtu mwenye sababu nzuri ya kuomba avunjiwe amri: ana haraka, ana cheo, anamjua mkubwa fulani, ni mara hii moja tu. Na panya naye hahitaji zaidi ya mara hiyo moja.

Pamoja na kulinda mlango, walinzi wakaao kisiwani huandika. Huhesabu vioto kwa majira, hupita katika njia zile zile, hutia tarakimu katika jedwali. Mfano bora ni ule wa ng'amba, kasa ambaye magamba yake yalitafutwa sana kwa kutengenezea vitana, visanduku na mapambo. Katika Shelisheli ng'amba hupanda pwani kutaga wakati wa mchana, na kwa hiyo ilikuwa rahisi sana kuwakamata. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 kila ng'amba aonekanaye Cousin hutafutwa, hutiwa kibati chenye nambari katika pezi la mbele, na huandikwa. Yapasa kukumbuka ya kuwa kasa hukawia sana kupata utu uzima, miaka mingi kuliko muda wa mtumishi kukaa katika cheo kimoja. Mlinzi aliyelinda mayai ya mwaka wa kwanza hakuweza kuona malipo yake mwaka wa pili, wala wa tano, wala wa kumi. Aliandika tarakimu ndogo, akamwachia mwenziwe daftari, naye akamwachia mwingine. Baada ya miaka thelathini tarakimu zile zilipojumlishwa, ikaonekana ya kwamba ng'amba watagao Cousin wameongezeka mara nane. Lau kama daftari lingekatika katikati, nani angeweza kuthibitisha jambo hilo? Watu wangebishana, mmoja akisema wameongezeka, mwingine akisema wamepungua, na mwenye sauti kubwa ndiye angeshinda.

Tumefika katika neno ambalo si haki kulipita kimya. Ulinzi huu umewagharimu watu. Mbata za kisiwa hazikuuzwa tena. Mayai ya ndege wa baharini na makinda yao yamekuwa chakula cha watu wa Shelisheli tangu zamani, na amkatazaye mtu chakula cha baba yake hana budi kumweleza sababu. Tena walikuwako mafundi walioishi kwa kuchonga magamba ya ng'amba. Mwaka wa 1994 Serikali ya Shelisheli ilipokataza biashara hiyo kabisa, haikuwaacha mafundi waende zao mikono mitupu. Ilinunua magamba waliyokuwa nayo, ikawasaidia waingie katika kazi nyingine. Sisi twaona hapo ndipo penye mzizi wa haki. Ikiwa kisiwa ni mali ya wote, na faida yake ni ya watoto wetu wote, basi si haki gharama yake ilipwe na mvuvi mmoja na fundi mmoja peke yao. Wale wanaoandika amri ofisini, wakiwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, yawapasa kumkumbuka yule ambaye amri yao humkuta na sufuria iko motoni.

Mtu aweza kutuambia, Hayo ni ya Shelisheli, sisi yatuhusu nini? Twajibu kwamba sisi nasi tunavyo visiwa vya ndege. Mwaka ule ule wa 1968 ulionunuliwa Cousin, ndio mwaka zilipoanzishwa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu katika Kenya, na huko Watamu kiko kisiwa kidogo cha mawe, penye mdomo wa hori ya Mida, ambacho shakwe wahamao hukijia kuzaa. Kusini ya Unguja, mbali katika bahari kuu, kiko Fungu Kizimkazi, kisiwa kitupu kisicho na mti, ambacho ndege wakubwa weupe wenye ncha nyeusi za mabawa hutaga juu ya ardhi tupu, nao wavuvi wetu hukijua sana, maana huteremka huko. Na karibu na mji wa Unguja kiko Chumbe, ambacho mwamba wake wa matumbawe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1994. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, nao hawakupewa bunduki. Silaha yao ni maneno. Mvuvi akiingia mahali palipokatazwa, humwendea kwa mashua, humsalimu, humweleza kwa lugha yake ya kuwa samaki wakuao hapo hutoka nje wakaingia katika mitego yake. Kisha huandika daftarini: siku, saa, chombo, na yaliyosemwa. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa kazi hii ni ya wageni. Mtu wa pwani yetu aiweza, na ameifanya.

Lakini tusijidanganye kwamba kila adui huzuiliwa mlangoni. Mwaka wa 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe katika visiwa vya ndani vya Shelisheli yakageuka rangi, yakawa meupe, yakafa. Mahali pengi waliokufa walikuwa tisa katika kila kumi. Mwaka wa 2016 joto likarudi tena. Hapana mashua ya mlinzi iwezayo kulizuia joto, wala hapana mhuri wa serikali utakaolirudisha. Chanzo chake ni moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima, na visiwa vile vidogo vimechangia moshi huo kidogo kabisa. Watu wa Cousin hawakukaa wakalia. Tangu mwaka wa 2010 walianza kukusanya vipande vya matumbawe vilivyo hai, wakavifunga katika kamba chini ya maji kama mtu afanyavyo kitalu cha mikarafuu, na vilipokua wakavipandikiza katika mwamba uliokufa. Vipande walivyopandikiza vyapita 24,000. Nao wajua kwamba kazi hiyo peke yake haitaponya bahari yote. Waifanya kwa sababu iko katika uwezo wao, na yale yasiyo katika uwezo wao wayapeleka mbele ya mataifa wakiwa na tarakimu mkononi. Na mtu mdogo aendaye kushtaki kwa mkubwa bila tarakimu, sote twajua jinsi anavyojibiwa.

Mabibi na mabwana, mara nyingi watu hutucheka sisi makarani wakisema kazi yetu ni kuchafua karatasi. Hata wenyewe kwa wenyewe, jioni tukifunga makabati, huulizana kama yale majedwali tuliyoyajaza yatasomwa na mtu ye yote. Swali hilo si la upuuzi. Zipo karatasi zisizofaa, na jedwali lililojazwa kwa uongo ni baya kuliko lisilojazwa. Lakini habari ya Cousin yatuonyesha karatasi nyingine. Mlinzi aliyeandika mwaka wa 1973 kwamba leo amepanda ng'amba mmoja, hakujua nani angesoma. Aliandika kweli, kwa mwandiko unaosomeka, na tarehe yake. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye labda alikuwa hajazaliwa siku ile ameweza kusimama mbele ya serikali na mataifa na kusema, Kazi hii yafaa, isimamishwe wala isipunguzwe. Wahenga wetu walikwisha kusema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata mali iliyopona, bila daftari haijulikani kwamba imepona, na isipojulikana hutumiwa ovyo.

Basi ombi letu kwa wanachama ni dogo. Wako kati yenu walio katika idara za uvuvi, za misitu, za bandari na za wilaya za pwani. Hesabu za samaki, za mikoko, za visiwa, hupita mikononi mwenu kabla ya kufika kwa wakubwa. Zikikatika, zisikatike kwa uvivu wetu. Palipo na mwezi ambao haukuandikwa, tuandike kwamba haukuandikwa, tusiujaze kwa kubuni. Na anapokuja mvuvi katika kaunta, akiuliza kwa nini amekatazwa fungu fulani, asifukuzwe kwa neno la kwamba ni amri. Apewe kiti, aelezwe sababu, na lile alilolijua yeye kwa kukaa miaka arobaini baharini liandikwe pia, kwa kuwa naye anayo hesabu, ila haijatiwa wino.

Saa hii tunapozungumza, katika kisiwa kile cha ekari 67, yuko mtu apitaye chini ya mapou akiwa na penseli, akihesabu vioto. Yawezekana mshahara wake haupiti wa mmoja wetu. Twamtakia afya, na daftari lisiloisha kurasa.